Chawa wa Sato, upele wa Sangara

Chawa wa simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa ambaye Waingereza humwita guinea pig, anaonekana kwa macho. Ukimfunua mnyama manyoya ya nyuma ya sikio au ya kiunoni, ukaacha mwanga wa jua ufike hadi kwenye ngozi, utaona kidudu chembamba, cheupe kinachoelekea manjano, urefu wake milimita moja au moja na nusu, kinakimbia kujificha. Mayai yake yamenata kwenye unywele mmoja mmoja, na ukiyapukuta hayatoki. Hayo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyaona. Naandika kwa sababu hapa kwetu Bwiru, Mwanza, chawa walitushughulisha wote, wakubwa kwa watoto, wakati mnyama aliyekuwa akielekea kufa alikuwa kwenye kibanda cha pili, na mdudu aliyekuwa akimuua haonekani bila hadubini.

Mume wangu ni mtu wa Njombe. Kwao simbilisi ni kitoweo. Wanakimbizana jikoni, wanalala karibu na mafiga, na mtoto hahimizwi kuwazoea. Watoto wetu wamezaliwa Mwanza. Walipoletewa wawili wa kwanza waliwapa majina ya samaki wa ziwa: dume akawa Ningu, jike akawa Sangara kwa ukubwa wake, na binti yao aliyezaliwa hapa nyumbani akaitwa Furu. Baada ya majina hayo habari ya kitoweo ilikwisha. Wanaishi kwenye vibanda vya mbao na wavu alivyotengeneza fundi wa mtaani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo jiwe kubwa linakinga jua la alasiri. Kivuli hicho nakithamini sana. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes kule Amerika Kusini, baridi kidogo anaistahimili kuliko joto. Joto likikaribia nyuzi 30 anaanza kuhema na kujilaza, na mawe ya Mwanza yakishakunywa jua la mchana hutoa fukuto mpaka usiku.

Sato aliletwa na dada yangu kutoka upande wa Sengerema. Alivuka naye kwa kivuko cha Kamanga ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu, dume mdogo mwenye rangi ya majivu, amekonda, manyoya yamesimama. Kwetu mgeni haonani na wenyeji mpaka akae peke yake wiki tatu au nne. Tulimweka stoo, na mtu akimhudumia ananawa mikono kabla ya kwenda nyuma kwa wengine. Jioni ileile mwanangu mkubwa alimpakata karibu na dirisha, akaniita: "Mama, njoo uone, manyoya yanatembea."

Walikuwa wengi. Nilitandika kitambaa cheusi mezani, nikamchana taratibu kwa kitana cha chawa kuanzia mabegani kwenda nyuma, na kila nilichokung'uta kilionekana wazi juu ya weusi ule. Njia hii naipenda kuliko kufunua kwa vidole, kwa sababu vumbi la maranda na magamba ya ngozi hulala tu, lakini chawa anatembea. Selotepu nayo inasaidia. Unabandika kipande juu ya manyoya ya kiunoni, unakibandua, unakiangalia kwa lenzi ya kukuzia, na mtoto anayesoma sayansi atafurahi kuishika lenzi hiyo yeye mwenyewe.

Kuna aina mbili kubwa za chawa wa simbilisi, mmoja mwembamba na mmoja wa duara kidogo. Wataalamu huwaita Gliricola porcelli na Gyropus ovalis. Wote wawili huishi juu ya mwili wa simbilisi tangu yai hadi kufa. Hawana mabawa wala hawaruki. Wanahama miili ikigusana, au kwa matandiko na kitana kinachotumika kwa huyu na yule. Hawanyonyi damu jinsi chawa wa kichwani mwa binadamu anavyonyonya; hutafuna magamba ya ngozi na majimaji yanayotoka kwenye mikwaruzo. Wakiwa wachache mnyama hana habari nao. Wakiwa wengi kama wale wa Sato, anajikuna, manyoya yanapoteza mng'ao, na anakonda zaidi ya alivyokonda.

Jirani yetu ni bibi wa Kisukuma anayefuga kuku wa kienyeji, mtu tunayemheshimu mtaa mzima. Aliposikia neno chawa alikuja mwenyewe.

"Mayu," aliniambia, "hao watahamia kwenye vichwa vya wajukuu zangu. Choma hilo boksi, na mnyama mpake mafuta ya taa."

"Shikamoo bibi," nikamjibu, nikampa kiti. "Boksi nimeshalichoma. Ila chawa hawa ni wa simbilisi tu. Kichwani mwa mtoto hawaishi, kama wale wa kuku wako wasivyoishi kwako."

Hakuridhika siku ile, na sikumlaumu. Mafuta ya taa kwa kuku ni mazoea ya miaka mingi pande zetu. Lakini simbilisi ana ngozi laini na hujilamba siku nzima, kwa hiyo unachompaka mgongoni jioni kitakuwa tumboni mwake. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi na kuharibu mapafu. Majivu yanamkausha macho. Dawa ya unga ya kunyunyizia kuku na dawa ya kuogeshea ng'ombe zimepimwa kwa wanyama wengine kabisa, na kiumbe cha gramu mia tisa anaweza kufa kwa kiasi ambacho ndama hatakihisi. Nimewaeleza hivyo wote wanaonijia na chupa mkononi, na nitaendelea kuwaeleza.

Basi siku hizo nyumba nzima ilikuwa ya Sato. Kitana, kitambaa cheusi, maji ya moto kwa vyombo vyake, matandiko mapya kila mara. Watoto wakitoka shule kabla hata ya kubadilisha sare wanauliza chawa wamepungua au bado. Nilimpigia daktari wa mifugo, akasema atapita akimaliza kazi zake upande wa Pasiansi, wala hakuona haraka. Chawa peke yao ni mara chache waue simbilisi mzima aliyeshiba.

Sangara alikuwa na mimba kubwa. Simbilisi jike hubeba mimba siku 59 hadi 72, muda mrefu kwa mnyama mdogo hivyo, na watoto huzaliwa na manyoya, macho yamefunguka, wanaanza kutafuna majani siku za kwanza kabisa. Kwa hiyo wiki za mwisho mama anakuwa mzito sana, anakaa sana, na ukimwona ametulia pembeni huwezi kushtuka. Nilichoanza kuona kwake ni kujikuna. Alikuwa akiinua mguu wa nyuma na kujikwaruza begani kwa kasi, anasimama, anarudia. Halafu manyoya ya mabegani na ya mapaja kwa ndani yakaanza kunyonyoka, na ngozi iliyobaki wazi ikawa nene, imepasukapasuka, ina magamba ya manjano.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mume wangu alisema ni mimba, jike hunyonyoka akikaribia kuzaa. Kuna ukweli hapo; majike wengine hupungukiwa manyoya ubavuni wakati wa mimba, lakini ngozi yao hubaki safi na laini, wala hawajikuni. Jirani mwingine alisema ni choa. Choa cha simbilisi kipo, ni cha ukungu, na mara nyingi huanza usoni, puani na kuzunguka macho, kwa vidoa vya duara vyenye magamba. Uso wa Sangara ulikuwa mzima. Binti yangu mdogo akanionyesha kipara nyuma ya sikio, analia, nikamtuliza kwa kumwonyesha nyuma ya masikio ya Furu na ya Ningu. Simbilisi wote wana kipara hicho tangu kuzaliwa. Na kila aliyekuja alimalizia kwa kusema chawa wa Sato wamevuka ukuta.

Nilimchana Sangara kwa kitana chake mwenyewe juu ya kitambaa cheusi. Hakutoka chawa hata mmoja.

Usiku ule nilikwenda kumwangalia kwa tochi. Nilimgusa mgongoni kidogo tu, aondoke nimwekee majani, naye akaanza kujikuna kwa fujo, akaanguka ubavu, akajinyonga, miguu ikapiga hewani. Degedege. Nimelea watoto, najua degedege linavyofanana, na bado moyo ulinikauka. Mwanangu mkubwa alikuwa nyuma yangu anataka kumshika. Nilimzuia. Mnyama aliye kwenye hali ile ukimbana unaongeza uchungu unaomtia degedege. Tulizima tochi, tukatandika taulo pembeni asijigonge kwenye mbao, tukanyamaza. Alitulia mwenyewe baada ya muda mfupi, akabaki anahema.

Alfajiri nilimpigia tena daktari wa mifugo. Nilipofika kwenye neno degedege hakuniacha nimalize. "Mama, usimwogeshe, usimshike ovyo, nakuja sasa hivi."

Alimpima kwanza. Mzani wetu wa jikoni ulisoma gramu 1,100, mimba ikiwemo. Kisha alikwangua ngozi ya begani kwa wembe butu juu ya tone la mafuta, polepole, akingoja kila mara mnyama atulie, akachukua ukwanguo ule kwenda kuuangalia kwa hadubini. Jioni alinirushia picha kwenye simu: kidudu cha mviringo, miguu mifupi kama vishikizo vya sufuria, na pembeni yake mayai.

Huyo ndiye utitiri wa upele wa simbilisi, Trixacarus caviae. Yuko kwenye ukoo mmoja na mdudu anayeleta upele kwa binadamu. Jike lake huchimba mtaro ndani ya ngozi na kutaga humo, na kutoka yai hadi mdudu mzima anayetaga mwenyewe ni kama wiki mbili tu. Anachokisikia mnyama ni mwasho usioelezeka, unaofika mahali ambapo mguso mdogo unaamsha degedege. Hata mimba inaweza kutoka kwa mateso hayo. Simbilisi anaweza kuishi na utitiri wachache kwa miezi bila dalili yoyote, mpaka mwili ulegee kwa mimba, uzee, ugonjwa, joto au lishe mbovu, ndipo wanazaliana bila kizuizi. Kwa hiyo Sangara hakuambukizwa na Sato. Yaelekea alikuwa nao tangu alipofika kwetu. Nilimweleza dada yangu hivyo kwa simu siku ileile, maana alikuwa amekosa raha akidhani zawadi yake imetuletea msiba.

Sasa dawa. Hapa naomba msomaji asome taratibu, kwa sababu hapa ndipo wanyama wengi hufa mikononi mwa watu wanaowapenda.

Dawa yenyewe ni ivermektini, ileile inayouzwa maduka ya mifugo kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Daktari aliniwekea chupa mezani akanionyesha maandishi. Ni ya asilimia moja, yaani mililita moja ina miligramu 10, na maelekezo yanasema mililita moja kwa kilo 50 za ng'ombe. Kwa simbilisi wataalamu hutumia miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito. Yeye alichagua 0.4. Akaandika hesabu kwenye daftari la mwanangu: kilo 1.1 mara 0.4 ni miligramu 0.44, na hizo ndani ya chupa ile ni mililita 0.044.

"Unajua hiyo ni kiasi gani, mama? Hata tone moja zima halitimii."

Mtu akikisia kwa jicho akavuta nusu mililita, ambayo kwenye bomba la sindano inaonekana kidogo kabisa, amempa mnyama zaidi ya mara kumi ya dozi. Atalegea, atatetemeka, na huenda asiamke. Ndiyo maana daktari hakutuachia chupa. Aliizimua kwenye kimiminika chake maalumu, kwa kuwa ivermektini haichanganyiki na maji, ili kiasi cha kumpa kiwe kikubwa cha kutosha kupimika kwenye bomba la mililita moja. Kuhusu mimba alifikiri sana mbele yangu, akasema wazi kwamba angependa kumpa jike asiye na mimba, lakini hatari ya kumwacha na degedege ilikuwa kubwa zaidi. Nilikubaliana naye. Dawa ilirudiwa kila baada ya siku 10, mara tatu jumla, kwa sababu haiui mayai. Unangoja yaanguliwe, unawaua walioanguliwa kabla hawajataga.

Alimkata pia kucha za miguu ya nyuma. Jambo dogo, nafuu kubwa, kwa sababu nusu ya vidonda vya begani alivifanya Sangara mwenyewe kwa kucha zile.

Furu na Ningu walipewa dawa siku hiyohiyo, kila mmoja kwa uzito wake, ingawa hawakuwa wakijikuna. Upele hautibiwi kwa mnyama mmoja kama wengine wamelala naye nyasi moja. Sato yeye alipata tiba tofauti, na sababu yake ilinifurahisha kuijua. Dawa inayopitia kwenye damu humfikia vizuri utitiri aliye ndani ya ngozi, lakini chawa anayetafuna magamba juu juu haimfikii sana. Kwake dawa ilidondoshwa kwenye ngozi ya shingo, mahali asipoweza kupalamba, na ikarudiwa baadaye ili kuwapata waliotoka kwenye mayai, maana yai la chawa huanguliwa ndani ya wiki hivi. Safari ya pili nilipomchana, kitambaa cheusi kilibaki na magamba tu.

Wakati huo mwanangu mkubwa alikuwa na vipele vidogo vyekundu kwenye mikono, sehemu anayompakatia Sangara. Bibi alitikisa kichwa, na safari hii nilimwambia ana haki ya kuwa na wasiwasi. Chawa wa simbilisi hamsumbui mtu, lakini utitiri huyu anaweza kumpandia na kumwasha. Hawezi kuzaliana kwenye ngozi ya binadamu, kwa hiyo mwasho hukoma wanyama wakishatibiwa. Kwa mwanangu ulikoma hivyohivyo. Tulimvalisha shati la mikono mirefu alipokuwa akihudumia, akabadilisha akimaliza.

Usafi wa kibanda ulitutoa jasho. Maranda yote yalichomwa, mbao zikasuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha vibanda vikaanikwa juu ya jiwe juani kutwa nzima huku wanyama wakikaa kwenye mabeseni kivulini. Tulirudia kila siku ya dawa. Daktari aliuliza kuhusu kuku wa bibi, kwa kuwa banda lao linapakana na ukuta wetu, akaenda kuangalia nyufa za fito zao kwa tochi baada ya giza kuingia. Utitiri wa kuku ni mwingine. Mchana anajificha kwenye nyufa, usiku anatoka kunyonya damu, na hushambulia pia wanyama wadogo waliolala jirani. Anaweza kukaa miezi bila kula. Aliwakuta, wekundu kwa damu waliyoshiba. Bibi alinyamaza, kisha akaniomba nimwitie daktari yule aje kwa ajili ya kuku wake pia. Vibanda vyetu tukavihamishia upande wa pili wa jiwe.

Katikati ya haya yote alikuja kijana wa mtaa wa chini, naye ana simbilisi mwenye upele uliochubuka. Alikuwa ameshanunua vidonge vya amoksilini dukani, ameambiwa vitakausha vidonda, na alikuwa ameshampa. Nilimpigia daktari papo hapo. Penisilini na ndugu zake, amoksilini ikiwemo, humezwa na binadamu bila shida, lakini kwa simbilisi huua bakteria wazuri wa utumbo na kuacha wabaya wazaliane na kutoa sumu. Mnyama huharisha na kufa kwa siku chache. Yule hakupona. Kijana alikaa ngazini kwetu muda mrefu, na watoto wangu walikaa naye. Duka silitaji. Aliyemuuzia hakujua, kama wengi wasivyojua, na kama msomaji atakumbuka sentensi moja tu ya maandishi haya, naomba iwe hiyo ya amoksilini.

Chakula nacho daktari alikichunguza sana. Simbilisi yuko kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakawaona wanapata kiseyeye, na tangu hapo mnyama huyu akawasaidia wanasayansi kuielewa vitamini yenyewe. Simbilisi mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mwenye mimba anahitaji kiasi cha juu. Akipungukiwa, viungo vinauma, manyoya yanasimama, vidonda haviponi, na wadudu wa ngozi wanapata nafasi. Pande zetu hakuna sababu ya kupungukiwa. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na kipande kidogo kwa siku kinatosha. Pilipili hoho pia wanaipenda. Nyasi ndizo chakula chenyewe, ukoka mbichi asubuhi na jioni, kwa sababu meno yao hayaachi kuota na nyasi ndizo zinazoyasaga. Majani ya muhogo usiwape, yana sumu. Ukoka wetu tunaukata mbali na mahali mbwa na bata wanapolala, na kando ya ziwa nimewakataza watoto kuingia majini kufuata majani marefu. Kichocho kipo.

Kuhusu Sato, daktari alimfungua mdomo na kukuta meno ya mbele yamepinda kidogo. Ndiyo sababu ya kukonda. Mnyama asiyeweza kula vizuri wala kujisafisha manyoya kwa meno yake ndiye anayejaa chawa. Aliyakata, na Sato akaanza kula hata shina la ukoka. Hili limenibadilisha namna ya kutazama. Siku hizi nikimwona simbilisi ana chawa wengi namwangalia mdomo kabla ya kutafuta dawa.

Degedege la Sangara lilirudi mara kadhaa baada ya dozi ya kwanza, likawa fupi zaidi, kisha likakoma. Alizaa watoto watatu wazima mchana mmoja wakati watoto wangu wako shule, na waliporudi walikuta vitoto vinakimbia vinamfuata. Magamba yalidondoka, chini yake ikaonekana ngozi ya waridi, halafu manyoya mafupi. Daktari alirudi kuwakagua wale wadogo na hakuwapa kitu, ila alituagiza tuwapime kila Jumamosi tuandike. Uzito husema mapema kuliko macho, kwa sababu simbilisi huficha ugonjwa mpaka aishiwe nguvu. Daftari lile la hesabu ndilo tunaloandikia.

Sato alimaliza kipindi chake cha stoo, akakaguliwa mara ya mwisho kwa kitana, akaungana na Furu kabla Furu hajafikisha miezi sita. Daktari alitushauri hivyo, kwa kuwa jike akichelewa kuzaa mara ya kwanza mifupa ya nyonga hukaza na kuzaa kunaweza kumuua. Ningu tulimtenga na Sangara ili apumzike, maana jike anaweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa.

Furu ana mimba sasa. Mwanangu mkubwa anampima yeye mwenyewe, na kila Jumamosi humfunua mabegani na mapajani kwa ndani, mahali upele wa mama yake ulipoanzia. Mapera tumeshaanza kumwongezea.